Hoki ya Barafu kwa Watoto: Mwongozo wa Kuzuia Majeraha Mabaya, kwa Wazazi na Makocha Wapya

Kila msimu ukianza, maswali huwa yale yale. Ninunue helmeti gani ili mtoto asipate mtikisiko wa ubongo? Aanze lini kupigana vikumbo? Amegonga kichwa Jumamosi. Jumatano arudi mazoezini? Majibu haya hapa, yamepangwa kwa utaratibu wa kazi yenyewe. Nazungumza na wewe mzazi ambaye mwanao ndiyo kwanza amesajiliwa, na wewe uliyekabidhiwa timu ya watoto kwa sababu ulikuwa mtu pekee aliyenyoosha mkono kikaoni.

Michubuko na vidole vilivyoteguka tuviache. Hapa tunashughulikia majeraha yanayobadilisha maisha ya mtoto au kuyakatisha, na mara nyingi huingilia njia nne: kichwa kinachotikiswa, shingo inayovunjikia ukutani, makali ya viatu yanayokata, na paki (kile kisahani cha mpira mgumu) inayopiga kifua na kusimamisha moyo. Ukizijua njia hizo, utaona mapema kwamba duka la vifaa lina majibu machache kuliko linavyojinadi. Kazi kubwa ni ya watu wazima: kanuni wanazochagua, mazoezi wanayofundisha, na ujasiri wa kumtoa mchezaji nje wakati timu iko nyuma kwa goli moja.

## Uwe na haya kabla ya kuanza

- Kitabu cha kanuni za chama chenu cha hoki, toleo la msimu huu. Kanuni za usalama hubadilika, na toleo la kaka yake mtoto limeshapitwa.
- Helmeti yenye kinga kamili ya uso, kinga ya shingo, kinga ya meno, na pedi za mabega zinazofunika kifua.
- Mtu mmoja kwenye benchi aliyesomea huduma ya kwanza. Asiwe kocha mkuu. Kocha mkuu macho yake yako mchezoni.
- Mashine ya kushtua moyo, na uhakika wa mahali inapokaa.
- Bendeji nene, glovu za mpira na mkasi, kwenye mfuko mmoja unaojulikana.
- Namba za wazazi wote, na maelezo ya afya ya kila mchezaji.
- Bisibisi. Utaona kwa nini.

## Hatua ya 1: Malizeni suala la vikumbo

Nimeiweka mwanzo makusudi. Hakuna kifaa kinachoshindana na uamuzi huu.

Kikumbo ni kumkumba mpinzani kwa mwili ili umtenganishe na paki. Kwa watu wazima ni sehemu ya mchezo. Kwa watoto wa miaka 11 na 12 tunajua kilicholetwa nacho, maana Kanada ilijikuta na mikoa miwili yenye kanuni tofauti: Alberta iliruhusu vikumbo kwa umri huo, Quebec ikakataza. Watafiti wakawalinganisha, na matokeo yakachapishwa mwaka 2010: walioruhusiwa vikumbo walikuwa katika hatari ya kuumia iliyozidi mara tatu ya wenzao, na kwa mtikisiko wa ubongo peke yake hali ilikuwa hiyo hiyo. Chama cha hoki cha Marekani, USA Hockey, kiliondoa vikumbo kwa wachezaji wa chini ya miaka 13 mwaka 2011, na kile cha Kanada, Hockey Canada, kikafuata mwaka 2013.

Cha kufanya:

1. Soma kanuni ya umri wa mwanao. Kama vikumbo haviruhusiwi, kocha asiviingize kwa mlango wa nyuma kwa kisingizio cha "kuwakomaza".
2. Kama umri unaruhusu, uliza kama ligi yenu ina daraja lisilo na vikumbo. Mara nyingi lipo ila halitangazwi sana.
3. Angalia miili, usiangalie vyeti vya kuzaliwa peke yake. Katika miaka 13 na 14 mmoja ameshaota ndevu na mwenzake bado sauti haijavunjika, nao wako timu moja.

Kosa la kawaida: kudhani kwamba kukataza vikumbo maana yake ni kutofundisha mgusano wowote. Mtoto afundishwe mapema kusimama imara, kumwelekeza mpinzani pembeni kwa kumfungia njia, kutumia gongo, kisha kugusana bega kwa bega kwa kasi ndogo. Kikumbo kamili kije mwisho wa safari hiyo. Anayerukia kikumbo bila hayo huyapeleka mabega yake popote, na mara nyingi popote hapo ni kichwani kwa mtu.

## Hatua ya 2: Wafundishe ukuta

Ukisoma hatua moja tu katika mwongozo huu, isome hii.

Shingo huvunjika hivi. Mtoto anaifuata paki kuelekea ukuta wa pembeni, ameinamisha kichwa. Anasukumwa kutoka nyuma, au anajikwaa mwenyewe. Utosi unagonga ukuta kwanza. Shingo ikiwa imeinama mbele, ule upinde wake wa asili hupotea, pingili zinapangana mstari mmoja ulionyooka, na uzito wote wa mwili ambao bado uko kwenye mwendo unapita moja kwa moja katikati yake. Pingili inapasuka na mishipa ya fahamu iliyomo ndani inabanwa. Helmeti hapo haina msaada. Imetengenezwa kulinda fuvu, na shingo iko nje ya mamlaka yake. Wala haihitajiki kasi ya kutisha.

Charles Tator, daktari wa upasuaji wa neva wa Toronto, alianza pamoja na wenzake kuorodhesha majeraha ya uti wa mgongo ya hoki nchini Kanada mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kilichojirudia katika orodha hiyo ni kusukumwa kutoka nyuma kuelekea ukutani. Kanuni za kukataza kikumbo cha nyuma zilizaliwa na kukazwa kutokana na kazi ya namna hiyo.

Mazoezi yafanyike mwanzoni mwa msimu na yarudiwe mara kwa mara, dakika chache tu kila mara:

1. Kichwa juu. Wachezaji waende ukutani polepole, mmoja mmoja, wakitazama juu ya ukuta muda wote. Kocha asimame upande wa pili akinyoosha vidole, nao wataje idadi. Anayetaja vibaya alikuwa anatazama chini.
2. Kuanguka. Wateleze wakiwa wamelala kuelekea ukutani, kisha wajigeuze ili kinachofika kwanza kiwe miguu, makalio, mgongo au ubavu. Chochote isipokuwa utosi. Watoto hulifurahia zoezi hili, kwa hiyo halihitaji kubembelezana.
3. Kuchungulia begani. Kabla ya kuifikia paki iliyoko ukutani, mchezaji atazame nyuma juu ya bega, kushoto na kulia. Ajue nani anakuja kabla hajainama.
4. Kuingia kwa mshazari. Asiende ukutani moja kwa moja uso kwa uso. Aingie kwa pembe, aupe ukuta bega au nyonga.
5. Kuukumbatia ukuta. Hatari iko katika ile nafasi ya mita moja hivi kati ya mchezaji na ukuta, kwa sababu hapo ndipo akisukumwa atapaa. Aliyeubana ukuta kwa mwili, magoti yamekunjwa na mikono iko juu, hana pa kurushwa.
6. Kwa anayeshambulia: ukiona namba, acha. Namba ya jezi iko mgongoni. Ukiiona, huna ruhusa ya kukumba. Punguza mwendo, mfungie njia, tumia gongo. Zoezi liwe la wawili wawili: wa mbele ageuke ghafla, wa nyuma ajizuie. Kujizuia ni ustadi wa mwili, na ustadi hauji kwa hotuba.

Baadhi ya timu hushona alama ndogo ya kusimama mgongoni mwa jezi, juu ya namba, ili anayekuja nyuma akumbuke kujizuia; alama hizo zilianzia mkoa wa Ontario, Kanada, miaka ya 1990. Viwanja vingine hupaka mstari mpana wa rangi ya chungwa kuzunguka uwanja wote mguuni mwa ukuta, ili mchezaji aliyeinama aone kwamba ameshafika eneo la hatari. Mkipata, vizuri. Lakini rangi na kitambaa havimfundishi mtoto kuanguka.

Kosa la kawaida: mchezaji anayegeuza mgongo sekunde ya mwisho ili refa ampe faulo. Wengine hujifunza ujanja huu mapema, na baadhi ya makocha hukenua meno tu. Ukimwona, mtoe nje ukaongee naye papo hapo. Anacheza kamari na miguu yake.

## Hatua ya 3: Vifaa, kimoja kimoja

Helmeti. Jibu la swali maarufu ni hili: hakuna helmeti inayozuia mtikisiko wa ubongo. Inazuia fuvu kupasuka, na inafanya kazi hiyo vizuri sana. Ubongo hutikisika kwa kuzungushwa na kusimamishwa ghafla ndani ya fuvu, na ganda la nje haliwezi kuukamata. Kwa hiyo usihangaike na bei ya juu kabisa. Hangaika na inavyokaa:

- Ukingo wa mbele uwe upana wa kidole kimoja juu ya nyusi.
- Ukiitikisa kushoto na kulia, ngozi ya paji la uso isogee pamoja nayo.
- Mkanda wa kidevu uruhusu kidole kimoja, basi.
- Kikombe cha kinga ya uso kishike kidevu. Kinga inayoning'inia hupanda na kuumiza koo.
- Tafuta kibandiko cha ithibati: CSA kwa Kanada, HECC kwa Marekani, alama ya CE kwa Ulaya. Kibandiko cha HECC kina mwisho wake, miaka sita na nusu tangu kutengenezwa. Baada ya hapo helmeti hiyo haihesabiki tena kuwa na ithibati.

Sasa ile bisibisi. Skrubu za helmeti na za kinga ya uso hulegea zenyewe kwa mitikisiko ya kawaida. Zikaze kila wiki mbili tatu. Ganda likiwa na ufa, helmeti imekufa. Usiigundishe kwa gundi, na usiipake rangi wala kemikali zinazodhoofisha plastiki.

Kinga ya shingo. Tarehe 28 Oktoba 2023, mchezaji wa Nottingham Panthers, Adam Johnson, alikatwa shingoni na makali ya kiatu wakati wa mechi mjini Sheffield, Uingereza, akafariki. Baada ya hapo shirikisho la kimataifa, IIHF, lilifanya kinga ya shingo kuwa lazima katika mashindano yake, na USA Hockey ikaifanya lazima kwa vijana kuanzia tarehe 1 Agosti 2024. Kanada watoto walikuwa wakiivaa tangu zamani. Kama chama chenu bado hakijalazimisha, wewe lazimisha. Iguse ngozi pande zote bila mwanya na ishuke hadi juu ya kifua. Na ujue mpaka wake: inazuia kukatwa, haizuii shingo kuvunjika. Aliyevaa kinga ya shingo bado anahitaji Hatua ya 2 yote.

Zipo pia soksi na mikono ya fulana za kitambaa kisichokatika kirahisi, kwa ajili ya vifundo vya mikono na nyuma ya mguu. Nazipenda. Kano ya kisigino ikikatwa, msimu umekwisha.

Kinga ya meno. Ile ya kuchemsha na kung'ata inatosha kwa wengi. Ikitafunwatafunwa mpaka imekuwa uzi, nunua nyingine.

Kifua. Pedi zifike chini ya mbavu na zisiache uwazi katikati mtoto akinyoosha mikono. Paki ya kawaida ina gramu kama 170 na ni ngumu. Ikipiga juu ya moyo kwa wakati mbaya wa pigo la moyo, moyo unaweza kuacha kusukuma damu hata kama mbavu hazina mchubuko. Pedi hupunguza hatari, haziimalizi. Usiwafundishe watoto wadogo kujirusha kifua mbele kuzuia shuti. Kwa walio na miaka minane au chini yake kuna paki nyepesi za bluu, takriban gramu 113. Zitumieni, na mchezo wenyewe uchezwe kwa upana wa uwanja badala ya urefu, ili kasi isijengeke.

## Hatua ya 4: Dakika tano za uwanja

Kabla ya mazoezi, mtu mzima mmoja azunguke:

- Milango yote ya ukuta imefungwa na komeo limeshika. Mlango unaofunguka mchezaji akiugonga ni ukingo wa chuma usoni.
- Magoli yanasogea yakigongwa kwa nguvu. Goli lililogandishwa barafuni ni mtego.
- Hakuna mashimo wala nyufa, hasa mbele ya goli.
- Hakuna mtoto anayeingia barafuni kabla mashine ya kulainisha barafu haijatoka na mlango wake haujafungwa.

Kitu kimoja zaidi ambacho karibu kila mtu hukisahau: hewa. Mashine ya kulainisha barafu inayotumia gesi au petroli hutoa kaboni monoksaidi, sumu isiyo na harufu, na uwanja wa ndani uliofungwa madirisha huihifadhi. Watoto kadhaa wakilalamika kuumwa kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu kwa pamoja, usidhani ni chakula. Watoe wote nje mara moja, kisha piga simu ya dharura. Muulize meneja wa uwanja kama kuna kipima hewa na mara ya mwisho kilikaguliwa lini.

## Hatua ya 5: Kikao kimoja na wazazi, mwanzo wa msimu

Kiwe kifupi, na makubaliano yaandikwe. Mambo matatu: kikumbo cha nyuma na pigo la kichwani adhabu yake ya ndani ya timu ni kukaa benchi, hata refa asipoona; mtoto akishukiwa kuumia kichwa anatoka, na hakuna mzazi wala kocha mwenye kura ya kumrudisha siku hiyo; na mzazi anayepiga kelele "mbomoe!" anaombwa kuondoka. Huko Minnesota, Marekani, timu hupata pointi za ziada kwenye msimamo zikikaa chini ya idadi fulani ya dakika za adhabu. Ni wazo la maana: ustaarabu ukiingia kwenye jedwali, makocha huanza kuufundisha. Lipeleke kwenye chama chenu.

## Hatua ya 6: Mpango wa dharura, na uufanyie mazoezi

Hockey Canada hufundisha kugawa kazi kwa watu watatu, nami sijaona mpango rahisi kuuzidi. Msimamizi hukaa na majeruhi na ndiye anayeamua. Mpiga simu huita gari la wagonjwa, akijua anwani ya uwanja na mlango gani unapitisha machela. Mdhibiti huwazuia wachezaji na wazazi wasisogee, huleta vifaa, na humpokea mhudumu mlangoni. Andika majina matatu na wa akiba. Kisha fanyeni jaribio barafuni mara moja kabla ya msimu. Hapo ndipo mtagundua kwamba mashine ya kushtua moyo imefungiwa ofisini na mwenye ufunguo huondoka saa kumi na mbili.

Matukio matatu ya kukariri:

Mtoto amelala ukutani, anasema shingo inauma, au mikono na miguu ina ganzi, au hajibu. Usimsogeze. Usimvue helmeti wala pedi za mabega; vikiwa pamoja huiweka shingo mahali pake, kimoja kikitoka kichwa huning'inia. Mtu mmoja ashike kichwa kwa mikono miwili kama alivyokikuta, bila kukivuta wala kukinyoosha. Kinga ya uso itolewe tu kama inazuia kupumua. Wenzake wasimwinue. Mchezo usimame mpaka wahudumu wafike, hata kama ni nusu saa. Na kama hapumui, pumzi na moyo vinatangulia kila kitu.

Damu nyingi shingoni au mkononi. Bonyeza kwa nguvu moja kwa moja kwenye jeraha na usiachie ili uchungulie. Mwaka 1989 kipa wa Buffalo Sabres, Clint Malarchuk, alikatwa mshipa wa shingo mbele ya watazamaji. Mtabibu wa timu, Jim Pizzutelli, aliyewahi kuwa mhudumu wa afya vitani Vietnam, alimfikia mara moja akaubana kwa mkono wake. Malarchuk alipona. Kasi na vidole vilifanya kazi hiyo.

Mtoto amepigwa na paki kifuani, akaanguka, hapumui kawaida. Ni moyo mpaka ithibitike vinginevyo. Anza kubonyeza kifua katikati, kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na mashine iletwe kwa kukimbia. Kata nguo, futa maji kifuani, bandika vibandiko vya mashine, fuata sauti yake. Inaweza kutumika juu ya barafu; asilale tu kwenye dimbwi la maji. Kila dakika inayopita bila mashine hupunguza nafasi ya kupona kwa takriban asilimia 7 hadi 10.

## Hatua ya 7: Akigonga kichwa

Si lazima azimie. Wengi hawazimii kabisa. Tafuta haya: anajishika kichwa, anachelewa kuinuka, anayumba, macho yamepotea, hajui ubao unasomaje, anajibu polepole, ana hasira au machozi yasiyo ya kawaida yake, analalamika mwanga au kelele.

Moja tu linatosha. Atoke, na asirudi siku hiyo. Hakuna kipimo cha benchini kinachoweza kumsafisha. Ubongo ambao haujapona ukitikiswa tena, madhara yanaweza kuwa makubwa mno kuliko ya mara ya kwanza, na watoto na vijana ndio wanaotajwa zaidi katika visa vya uvimbe mkali unaoua. Mkoa wa Ontario una sheria ya 2018, Rowan's Law, iliyoitwa kwa jina la Rowan Stringer, msichana wa miaka 17 aliyefariki mwaka 2013 baada ya kugongwa kichwa mara kadhaa kwa siku chache. Alikuwa mchezaji wa raga. Ubongo ni ule ule.

Hospitali mara moja, kwa gari la wagonjwa: anatapika tena na tena, degedege, kichwa kinauma zaidi na zaidi, anaona vitu viwili viwili, udhaifu au ganzi ya mkono au mguu, usingizi usioamshika, maumivu ya shingo, au fujo inayozidi.

## Hatua ya 8: Kumrudisha

Siku mbili za kwanza ni za kupumzika kiasi: atembee, afanye shughuli ndogo za nyumbani, apunguze skrini. Ule ushauri wa zamani wa kumfungia kwenye chumba chenye giza umeachwa. Kisha ngazi, kila moja isipungue saa 24:

1. Shughuli za kila siku zisizozidisha dalili.
2. Baiskeli ya mazoezi au kutembea haraka, akipandisha mapigo kidogo kidogo.
3. Kuteleza barafuni peke yake, bila uwezekano wa kugongwa.
4. Mazoezi ya timu bila mgusano.
5. Mazoezi kamili.
6. Mechi.

Katika ngazi tatu za kwanza dalili zikipanda kidogo na kutulia ndani ya saa moja, si neno. Zikipanda zaidi ya hapo, asimame, ajaribu tena kesho yake. Ila ngazi ya nne haifunguliwi mpaka dalili ziishe kabisa na daktari aandike ruhusa. Na darasa kwanza: mtoto ambaye bado hawezi kukaa siku nzima shuleni hana biashara na mechi. Wengi hupona ndani ya wiki nne. Kwa hiyo lile swali la Jumamosi na Jumatano jibu lake ni hapana, hata akisema anajisikia vizuri.

## Ukikwama

"Anakataa kinga ya shingo, anasema inamkaba." Mara nyingi ni saizi au aina. Jaribu fulana yenye kola iliyoshonewa humo humo, na aivae nyumbani jioni kadhaa hadi aizoee. Usiikate wala kuilegeza.

"Anaficha dalili ili asikose fainali." Usimuulize "uko sawa?" maana jibu unalijua. Muulize amelalaje, mwanga wa darasani ulikuwaje, alikula nini mchana. Waulize na wenzake. Mara nyingi wao ndio wa kwanza kujua.

"Kocha anataka kumrudisha, mimi sitaki." Mtoto ni wako. Mvue helmeti, uishike wewe. Bila helmeti hakuna kuingia barafuni, na mabishano huisha bila kelele.

"Refa haoni vikumbo vya nyuma." Nahodha amwambie kwa heshima kipenga kikilia. Baada ya mechi andika ripoti kwa chama, na video kama ipo. Hali ikizidi, kocha ana haki ya kuitoa timu barafuni. Kupoteza pointi si msiba.

"Uwanja hauna mashine ya kushtua moyo." Timu zinazotumia uwanja zichange pamoja zinunue moja ya kubebeka, iwe ya benchi. Kabla haijapatikana, tafuteni iliyo jirani na muda wa kuifuata kwa miguu, mkiupima kwa saa.

"Wiki nne zimepita, kichwa bado kinamuuma." Msirudi nyuma na mbele kwenye ngazi wenyewe. Tafuta kliniki inayoshughulika na mtikisiko wa ubongo. Mara nyingine tatizo liko kwenye shingo au mfumo wa usawa wa mwili, na lina tiba yake ya mazoezi.

"Ana miaka 13, mwili mdogo, na timu yake imeingia ligi ya vikumbo." Mhamishie daraja lisilo na vikumbo, hata kama marafiki zake wanabaki. Atalia wiki mbili. Akikua na akitaka kurudi, ustadi wa miguu na mikono atakuwa nao, kwa sababu huko kwenye daraja hilo hugusa paki muda mrefu zaidi kuliko anayetumia mechi nzima akijihami.